Vifaa vya kumuuguzia nyumbani aliyepandikizwa uloto: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Aliyepandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, haruhusiwi kutoka wodini kwa sababu amepona. Anaruhusiwa kwa sababu seli mpya zimeshika: chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zimefika 500 kwa kila mikrolita ya damu na kubaki juu ya hapo siku tatu mfululizo, anaweza kumeza dawa na chakula, na nyumbani yuko mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Kinga yake bado ni changa. Kwa aliyepokea uloto wa mtu mwingine, itachukua mwaka au zaidi kukomaa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wa zamu inahamia kwa mke, mume, mama au dada, na vitendea kazi vyake ni vile atakavyovinunua mwenyewe.

Familia zenye kazi hii zinaongezeka kwetu. Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Wapo pia wanaorudi kutoka India, Chennai, Delhi au Bengaluru, wakiwa na begi la dawa na karatasi za maelekezo zilizoandikwa kwa ajili ya nyumba za huko. Wakifika famasi ya mtaani wanakuta rafu imejaa vitu, na muuzaji anasifia kila kimoja.

Tumevipima vifaa hivi kwa mizani moja tu: je, kinasaidia kugundua hatari mapema, au kinazuia vimelea visimfikie mgonjwa? Kisichofanya hata kimoja kati ya hayo, hata kiwe kizuri namna gani, hakistahili fedha ambayo familia itaihitaji kwa nauli ya kliniki.

Kipimajoto

Hiki ndicho cha kwanza, na ndicho watu wanachokosea zaidi.

Kinachofaa ni kile cha bei nafuu kuliko vyote vya kielektroniki: kijiti cha plastiki chenye ncha ya chuma na kioo kidogo cha namba. Vilivyo vizuri hukosea kwa 0.1 tu juu au chini, na usahihi huo umeandikwa kwenye boksi. Kama boksi halisemi lolote kuhusu usahihi, kirudishe. Hutumia betri ndogo ya kitufe, mara nyingi LR41, ile inayouzwa kwa mafundi saa. Nunua betri ya akiba siku hiyohiyo, maana betri dhaifu huanza kwa kufifisha namba, na saa tisa usiku tofauti ya 37.6 na 38.6 huwezi kuibahatisha.

Nunua viwili. Vitumbukize ncha pamoja kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, usubiri milio. Vikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, kimoja kati yao hakifai, na afadhali ulijue hilo dukani. Angalia pia kama kinasoma kwa selisiasi. Vingi hubadilika kwenda farenhaiti ukibonyeza kitufe kwa muda mrefu, ukiona 100.4 usidhani kimeharibika, hiyo ni 38.0. Neno “Lo” kwenye kioo maana yake ni kwamba joto liko chini ya kiwango chake cha kusoma, kwa kawaida 32. Yaani hakijagusa mwili vizuri.

Namna ya kupima ina uzito kuliko chapa ya kifaa. Kwa mdomo, ncha iwekwe chini ya ulimi, nyuma pembeni, midomo ifungwe, na mgonjwa awe hajanywa kitu cha moto au baridi kwa nusu saa. Chai ya maziwa iliyonywewa dakika tano zilizopita inatosha kukudanganya. Kama mdomo una vidonda, pimia kwapani: futa jasho, ncha iingie kwenye shimo la kwapa, mkono ubanwe kifuani. Mlio wa kwanza kwapani mara nyingi huja mapema mno, kwa hiyo kiache dakika tano ndipo usome. Kwapa husoma chini ya mdomo kwa karibu nusu digrii. Usijiongezee nusu hiyo kichwani. Andika “kwapa” au “mdomo” mbele ya namba, kisha siku ya kuruhusiwa uulize: namba ya kwapani ya kupiga simu ni ipi? Njia ya haja kubwa ni marufuku kabisa, hata kwa mtoto mdogo, kwa kuwa utando wa huko umechubuliwa na dawa na bakteria ni wengi.

Pima asubuhi na jioni kwa saa zilezile, na kila anapojisikia vibaya au kutetemeka. Mpaka unaotumika sehemu nyingi ni 38.0, kama hospitali yako imetoa namba nyingine, fuata yao. Ukifika hapo, usisubiri uone kama litashuka. Mgonjwa wa namna hii akifika hospitali, antibayotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja, na saa hiyo utaikosa kwa kukaa nyumbani mkikanda kwa kitambaa cha maji.

Makosa mawili hurudiwa kila mara. La kwanza ni kumpa parasetamoli kwanza. Dawa hiyo inashusha namba bila kumgusa mdudu aliye kwenye damu, na ukipiga simu utasema “sasa ana 37.2” nawe ukaambiwa usubiri. La pili ni kupitia duka la dawa kupima malaria. Malaria ni kweli ipo, na inaweza kumpata, lakini kipimo cha haraka hakikuambii lolote kuhusu bakteria. Kikitoka chanya utanunua dawa mseto ambayo inaweza kugongana na dawa zake za fangasi, na kikitoka hasi utarudi nyumbani umetulia bila sababu. Malaria apimiwe hospitali, sambamba na mengine. Na kama anatumia predinisoloni, dawa inayoituliza kinga, homa inaweza isionekane kabisa: kutetemeka kwa baridi kwenye 37.4 kuchukuliwe kama homa.

Kile cha bunduki cha kupimia kwenye paji la uso tunakipa alama ya chini. Kinapima ngozi, kisha kinakisia joto la mwili. Jasho, feni, kiyoyozi au kutoka juani hubadilisha namba, na umbali ukizidi ule ulioandikwa, kwa kawaida sentimita 3 hadi 5, kinasoma ukuta pamoja na mtu. Vingi vina hali mbili, ya mwili na ya kupimia vitu. Mtoto akibonyeza kitufe, siku nzima utasoma 34. Kiwekwe mlangoni kwa wageni, basi. Cha zebaki kisiingie nyumbani: kikivunjika mvuke wake ni sumu, na Mkataba wa Minamata uliweka mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza nje mwaka 2020.

Boksi la dawa la wiki

Wazo ni zuri, ila yanayouzwa mengi hayafai kwa kazi hii, na sababu haiandikwi popote kwenye boksi. Vidonge vya takrolimasi na saiklosporini, dawa za kuibana kinga, havitakiwi kutolewa kwenye karatasi yake ya foili mpaka wakati wa kumeza. Unyevu na hewa huviharibu, na hewa ya Dar au Mombasa ni unyevu mtupu. Boksi lenye vishimo vidogo linakulazimisha uvitoe vyote Jumapili jioni ili vikae wazi wiki nzima. Tafuta lenye vyumba vikubwa, angalau vya upana wa vidole vitatu, ukate foili kwa mkasi na kuweka kidonge kikiwa ndani ya foili yake. Ukikosa, vikombe 14 vya plastiki vyenye vifuniko, vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, vinafanya kazi ileile vizuri zaidi. Visikae bafuni wala juu ya friji penye joto.

Kabla ya kujaza, soma nguvu ya kila boksi kwa sauti, mwingine akikusikiliza. Takrolimasi huja ya miligramu 0.5, 1 na 5. Nukta moja ikipotea machoni, umempa mara kumi. Tazama pia kama ni ile ya mara mbili kwa siku au ile ya kuachia dawa polepole ya mara moja, kwa sababu hazibadilishani. Na famasi ikikupa ya kampuni nyingine “ni ileile tu”, usiipokee kabla daktari hajakubali. Tofauti ndogo ya kiwango kwenye damu, ikizidi inaharibu figo, ikipungua inaziachia seli za mchangiaji wa uloto zianze kuushambulia mwili.

Kengele ya boksi haina haja, simu inatosha. Lakini hapa kuna mtego wa kwetu. Karatasi iliyotoka India inasema 8 asubuhi na 8 usiku kwa saa za kizungu, yaani saa mbili na saa mbili. Katika nyumba yenye wauguzi wawili, mmoja akisoma “8” kama saa nane, dawa ya saa 12 kati ya dozi inageuka ya saa 6 na 18. Andikeni ukutani kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.

Siku ya kliniki ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi hailiwi nyumbani. Inabebwa mkononi na kumezwa baada ya damu kutolewa. Akiinywa kabla, kipimo kitatoka juu kwa uongo na dozi itapunguzwa bure. Akitapika dozi, usiirudie kwa kukisia. Piga simu ueleze ni dakika ngapi tangu ameze. Mabalungi na madanzi yasiguswe, wala juisi zake, maana yanapandisha dawa hizi kwenye damu. Dawa za fangasi kama vorikonazoli na flukonazoli nazo hufanya hivyo, ila madaktari wameshazipigia hesabu. Ndiyo maana kuziacha kimyakimya kwa sababu zimeisha ni hatari: kiwango cha takrolimasi kinaporomoka. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, na asaiklovia huonekana kama vidonge vya ziada visivyo na haraka. Ndizo zinazomkinga na nimonia na mkanda wa jeshi. Zinunue kabla ya strip ya mwisho kuanza.

Mgonjwa akiumwa kichwa, asipewe ibuprofeni wala diklofenaki iliyobaki kabatini. Chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, bado chache, na figo tayari zimebebeshwa mzigo.

Maji

Vidonge vya klorini tunavipenda kwa matumizi ya nyumba nzima. Kidonge cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji meupe, baada ya nusu saa yako tayari. Kwa mgonjwa huyu havitoshi. Kuna kimelea kinaitwa kriptosporidiamu ambacho kwa kipimo hicho cha klorini hakifi, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu huleta kuharisha kwa wiki kadhaa, kuharisha ambako madaktari watahangaika kukutenganisha na shambulio la seli za mchangiaji kwenye utumbo. Kuchemsha kunakiua.

Kwa hiyo kifaa bora kwenye kundi hili ni sufuria yenye mfuniko. Maji yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja. Ukiishi juu ya mita 2,000, kama Limuru au Nyahururu, dakika tatu. Birika la umeme hujizima mara tu yakianza kutokota, huwezi kuhesabu dakika, ndiyo maana tunalirudisha nyuma ya sufuria. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yahamie kwenye chombo chenye koki, kamwe yasichotwe kwa kikombe. Ya jana yaoshee vyombo. Chujio la mshumaa wa kauri lina faida kama maji yenu yana tope: chuja kwanza, chemsha baadaye. Kinyume chake ni kuharibu kazi, kwa sababu mshumaa usiosuguliwa mara kwa mara unaota utelezi wa bakteria na kuyachafua maji yaliyokwisha chemshwa. Dispensa ya galoni ina tatizo hilohilo kwenye koki zake. Barafu ya dukani, maji ya miwa, na juisi ya barabarani haviguswi, hakuna mjadala.

Sabuni, kitakasa mikono na JIK

Sabuni ya maji kwenye chupa ya kubonyeza inaishinda ya kipande kinacholala kwenye kisahani chenye maji. Ila usijazie chupa juu ya sabuni iliyobaki. Imalize, ioshe, ikauke, ndipo ujaze upya. Kitakasa kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, na namba hiyo iwe imeandikwa kwenye chupa. Kinafaa mlangoni na safarini. Baada ya choo au kubadilisha nepi hakifai, kwa kuwa kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo alkoholi haiviui. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20.

JIK ni rafiki wa nyumba hii ikipimwa. Ile ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kwenye lita moja ya maji baridi. Soma chupa kwanza. Kama imeandikwa asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Osha kwa sabuni kwanza, maana uchafu unaila nguvu ya dawa, kisha paka mchanganyiko kwenye vitasa, swichi, bomba na kiti cha choo, uache dakika kumi, ufute kwa maji. Tengeneza mpya kila siku. Usiichanganye na siki wala asidi ya kusafishia choo: gesi inayotoka ni klorini, na mapafu ya mgonjwa hayana pa kuiweka.

Fagio la chelewa lipumzike chumbani kwake. Kufagia pakavu kunarusha mbegu za ukungu, na ukungu wa aina ya aspajilasi ukiingia kwenye mapafu haya unaua. Deki kwa kitambaa chenye maji, yeye akiwa chumba kingine. Maua ya chungu, magunia ya mkaa, banda la kuku karibu na dirisha, na ukarabati wa ukuta vyote viko kwenye mkumbo huo. Barakoa ya N95 inayobana vizuri inatakiwa pale penye vumbi, hasa kiangazi cha Dodoma. Ya upasuaji inatosha kwenye foleni ya kliniki. Ya kitambaa haitoshi popote. Ikilowa, ibadilishwe. Watoto ni wagumu: N95 ya mkubwa kwenye uso wa miaka sita inaacha pengo mashavuni, heri ya upasuaji ya saizi yake.

Mdomo

Mswaki laini kabisa, ubadilishwe mara kwa mara, na mswaki wa mti uwekwe kando kwa sasa kwa sababu nyuzi zake zinachoma fizi. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi, ile inayowasha, ni fedha ya kumuumiza mgonjwa. Inayofanya kazi inatengenezwa jikoni: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya sodiamu. Asukutue na kutema, mara nne kwa siku au zaidi. Ya kesho itengenezwe kesho.

Angalizo kwa anayetumwa dukani: bikaboneti hii si magadi ya kulainishia maharage. Magadi yanachimbwa ziwani, yana uchafu na ukali wake. Wala si unga wa kuumulia keki uliochanganywa na asidi, wala hamira. Boksi liseme bikaboneti ya sodiamu peke yake.

Mashine ya presha na ndugu zake

Kama anatumia takrolimasi au saiklosporini, mashine ya presha ni ya lazima, si anasa. Dawa hizi hupandisha presha, na ikipanda ghafla pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, degedege inaweza kufuata. Nunua ya mkono wa juu, uache ya kifundo. Mkanda ndio hoja: mwembamba mno kwa mkono mnene husoma juu, mpana mno kwa mtoto husoma chini, na mikanda midogo huuzwa peke yake. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Kwa mtoto, daktari akuandikie namba zake, za mkubwa hazimhusu.

Kipima oksijeni cha kidole kinasaidia akianza kukohoa au kuchoka kwa kupanda ngazi mbili. Kijue udhaifu wake: kwenye ngozi nyeusi kina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo 95 iliyokuwa 98 juzi ina maana hata kama kijitabu kinasema ni sawa. Ondoa rangi ya kucha, na usitumie kidole chenye piko. Mizani ya kusimamia ni ya bei ndogo na inafaa, asubuhi kabla ya chai.

Kitu ambacho hakuna anayekifikiria ni jagi la kupimia, lenye alama za mililita, la kazi ya kuharisha tu. Daktari akiuliza, “anaharisha sana” haimsaidii. Mtu mzima anayetoa zaidi ya mililita 500 za maji kwa siku anaingia kwenye viwango vinavyotumika kupanga ukali wa shambulio la seli za mchangiaji kwenye utumbo, na matibabu hubadilika kwa namba hiyo. Bei yake ni ya soksi mbili.

Vyote hivi viandikwe kwenye kaunta buku moja: tarehe, saa, joto na mahali lilipopimwa, presha, uzito, alichokunywa, alichoharisha, dawa zilizomezwa. Programu za simu ni nzuri mpaka mwenye simu anapokwenda kazini.

Kwa waliobaki na bomba kifuani

Kama bomba la kupitishia dawa kwenye mshipa halijatolewa, usinunue bandeji za kubahatisha. Ile ya plastiki ya kuonyesha ndani hubadilishwa kila siku saba, ya shashi kila siku mbili, na yoyote ikilowa au kubanduka hubadilishwa siku hiyohiyo. Inayoonyesha ndani ni ghali lakini tunaipendelea, kwa sababu unaiona ngozi kila asubuhi bila kufungua. Ukikosa vifuniko vya kuogea, plastiki ya kufungia chakula na plasta pembeni vinafaa, maji yamwagwe kuanzia kiunoni kwenda chini. Akitetemeka ndani ya muda mfupi baada ya bomba kusafishwa au kupitishwa dawa, bomba lenyewe linashukiwa. Hospitali mara moja, hata kama kipimajoto bado hakijapanda.

Visivyostahili

Hapa tunasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa familia hupoteza fedha nyingi na wakati mwingine mgonjwa. Unga wa mlonge, habat soda, vidonge vya “kuongeza kinga”, asali mbichi, na maziwa ya bakteria wazuri huletwa na shangazi na wajomba kwa upendo wa kweli. Lakini aliyepokea uloto wa mtu mwingine anameza dawa za kuibana kinga kwa makusudi, ili seli mpya zisishambulie ngozi, ini na utumbo wake. Kumchochea kinga ni kusukuma gari upande ambao madaktari wanalizuia. Baadhi ya mimea hubadilisha kiwango cha dawa kwenye damu, unga uliokaushwa juani hubeba mbegu za ukungu, na bakteria hai walio “wazuri” kwangu na kwako wanaweza kuingia kwenye damu yake. Pokea zawadi kwa heshima, iweke kabatini, na anayeuliza alete nini mwambie sabuni ya maji, chandarua chenye dawa, au nauli ya bodaboda na teksi ya kliniki.

Mashine ya kutia unyevu chumbani isinunuliwe. Tangi lake ni kiota. Ya kusafisha hewa si mbaya, ila deki na dirisha lenye wavu vitangulie.

Kwenye chakula, nunua kipimajoto cha friji. Friji iwe nyuzi 4 au chini, na umeme ukikatika usiifungue. Baada ya saa nne bila umeme, nyama, maziwa na mchuzi havimfai tena yeye. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar linalozidi 32, saa moja. Kuku na viporo vifike nyuzi 74 katikati. Yai liive mpaka kiini kikauke. Kachumbari ya mgahawani isahaulike, lakini embe na ndizi zilizooshwa kwa maji salama kabla ya kumenywa, hospitali nyingi sasa zinaziruhusu. Uliza kabla ya kumnyima mtoto tunda kwa miezi.

Mafuta ya kuzuia jua, yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi, yanatakiwa hata kwa mwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa jua linaweza kuamsha seli za mchangiaji dhidi ya ngozi. Kofia pana na khanga mabegani hufanya nusu ya kazi hiyo bure.

Kimoja hakiuzwi. Kabla ya kuondoka hospitali, omba kadi au barua inayosema kwamba damu yoyote atakayoongezewa lazima iwe imepigwa mionzi, pamoja na kundi lake la damu la sasa, ambalo linaweza kuwa limebadilika na kufuata la mchangiaji. Akizimia wilayani na kuongezwa damu ya kawaida, chembe nyeupe za mtoaji zilizomo ndani yake zinaweza kuota na kumshambulia. Itoe kopi tatu: moja kwenye pochi yake, moja kwenye begi la dharura lililo mlangoni pamoja na kaunta buku, na picha yake iwe kwenye simu ya kila anayelala naye zamu.